Herufi Nane

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nililitaja mara moja kwa sauti, mbele ya watu watano, katika ofisi moja mjini Kitui, Ijumaa saa nne asubuhi, na mara hiyo moja imenitosha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na mdomo mkubwa kuliko umri wangu. Nilikulia Sultan Hamud, kwenye duka la mama yangu kando ya barabara ya Mombasa, na mtoto wa duka hujifunza kujibu kabla hajaulizwa, kwa sababu mteja wa barabarani hangoji. Nikaenda Nairobi kusomea kompyuta, nikarudi Ukambani na cheti ndani ya bahasha ya plastiki na majivuno ambayo hayakutoshea kwenye bahasha yoyote. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipofaa.

Walioniajiri walikuwa shirika dogo la maji na mbegu. Mzungu aliyekuwa amekuja kujitolea alikwisha kuondoka, akawaachia kompyuta tano zilizounganishwa kwa waya, vitabu viwili vinene, na kazi nusu. Kazi hiyo nusu ndiyo niliyopewa mimi. Shirika lilikuwa na kadi za familia, droo kumi na moja zilizojaa, kata kwa kata: nyumba ina watu wangapi, wanachota maji wapi, walipewa mbegu gani msimu uliopita na kama ziliota. Kadi hizo zote zilitakiwa kuingia kwenye kompyuta.

Aliyezitunza alikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha faili, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyeolewa kijiji cha Nuu. Ofisi nzima ilimwita mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama yeyote wa heshima, na mimi vilevile. Chifu akija kuuliza habari za nyumba fulani, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye droo bila kusoma kibandiko, akavuta kadi huku bado anamjulia mgeni hali. Kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliipiga muhuri wa tarehe pembeni juu, upande wa kulia, muhuri umenyooka, na chini yake akatia herufi mbili za jina lake. Nilidhani huo ni ushamba. Nilimwambia hivyo siku ya tatu tu tangu nifike, kwa kumtania, naye akacheka na kuendelea kupiga muhuri.

Kazi yangu niliitengeneza kama kurasa za wavuti. Mtandao hatukuwa nao, laini ya simu yetu ilikufa kila mvua ikinyesha, na Kitui mvua isiponyesha ilikufa kwa sababu zake nyingine. Lakini kurasa zilifunguka kwenye kila kompyuta humo ndani, na ukurasa wa kwanza ulikuwa mlango. Uliuliza jina lako na neno lako la siri. Ukishayaandika, mashine ilipeleka swali kwenye jedwali nililoliweka kwenye kompyuta kubwa: je, kuna mtu mwenye jina hili na neno hili? Akipatikana, mlango unafunguka. Asipopatikana, yanatokea maandishi mekundu: Samahani, umekosea.

Maneno hayo niliyatunga mwenyewe. Ningeweza kuandika kwamba neno halikupatikana. Niliandika umekosea.

Siku ya mafunzo nilisimama mbele yao kama mwalimu. Walikuwa watu watano: meneja, mhasibu, afisa wa mashambani, dereva, na mwaitu. Niliwaeleza kwamba neno la siri si la mchezo. "Chagueni neno ambalo hamtamwambia mtu," nikawaambia. "Neno ambalo hata ukiamshwa usingizini, hata ukibanwa namna gani, mdomo wako hautalitoa."

"Hata bibi yangu asijue?" dereva akauliza.

"Yeye ndiye wa kwanza kutojua."

Walicheka wote isipokuwa mwaitu. Yeye alikaa mbele ya kibodi mikono mapajani, akifikiri, mpaka mhasibu akamwuliza kama amelala. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akajikagua, akageuka kwangu uso umefurahi.

"Nimepata, mwanangu. Hii haiwezi kunitoka."

Jumatatu iliyofuata meneja alitangaza kwamba masjala inahamia kwenye kompyuta. Alikuwa mtu wa kupenda kalenda, ya ukutani ilijaa miviringo ya kalamu nyekundu. Ijumaa aliizungushia mviringo. Siku hiyo, alisema, kila mtu ataingia mwenyewe, mbele ya wote, na asiyeweza kuingia atatafutiwa kazi nyingine, na kiti chake atapewa kijana aliyesoma. Hakumtaja mtu. Haikuhitajika, kwa sababu kufikia saa sita siku hiyo wanne walikwisha kuingia na mmoja tu ndiye aliyekuwa bado mlangoni.

Samahani, umekosea. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikitazama maandishi yangu mekundu yakimrudia.

"Umeandika vizuri, mwaitu?"

"Nimeandika."

"Hukuweka herufi kubwa?"

"Sikuweka."

"Basi umesahau."

"Hii siwezi kusahau."

Jumanne tena. Jumatano tena, mara nne. Nilikuwa nimechoka kusimama na nilikuwa na hasira zangu za kawaida, zile za mtu anayeamini kwamba kila kinachomchelewesha kinafanya makusudi. "Basi niambie hiyo paswadi," nikamwambia, "niiandike mimi tuone."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Siwezi kusema, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyetengeneza. Mimi si mtu wa kufichwa."

"Nimesema siwezi kusema."

Nikaona ni ukaidi wa uzee. Nikaketi kwenye kiti chake, nikaandika jina langu na neno langu la herufi tano, mlango ukafunguka papo hapo. "Umeona? Mashine haidanganyi." Alisema ameona. Akainuka, akarudi kwenye droo zake, na alasiri ile nilisikia muhuri ukipigwa polepole kuliko kawaida.

Alhamisi saa saba, wengine wakiwa wamekwenda kula, meneja aliniita ofisini kwake akaniuliza mama ana shida gani. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Hilo ndilo lililokuwa kweli, sikujua. Badala yake nikasema, "Anasahau. Ni umri." Nilisema hivyo juu ya mtu aliyekuwa na droo kumi na moja kichwani. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, akaitazama kalenda yake.

Alasiri hiyo gari lilikwenda sokoni Kabati kupeleka mbegu, na karibu wote wakaenda nalo, mwaitu akiwa na orodha. Tukabaki mimi na meneja, yeye ofisini kwake. Nikafungua jedwali lenyewe, jambo ambalo ningelifanya Jumatatu kama ningekuwa natafuta kosa badala ya kumtafuta mkosaji.

Maneno yote ya siri yalikuwa mbele yangu wazi, kama nguo kwenye kamba. Ndivyo nilivyoyahifadhi: kile mtu alichoandika ndicho kilichokaa, na yeyote mwenye kulifungua jedwali angekisoma. Neno la dereva lilikuwa jina la fahali wake. Mhasibu aliweka jina lake mwenyewe. Meneja alikuwa ameandika neno meneja. Nilicheka peke yangu humo ndani, nakumbuka, nilicheka hadi nikashika tumbo. Kisha nikaufikia mstari wa mwaitu na kicheko kikakatika.

Lilikuwa jina la mwanamume, jina la Kikamba, lakini limekatwa. Herufi nane, kisha hakuna kitu.

Nilielewa mara moja. Nilipotengeneza jedwali, safu ya maneno ya siri niliipa nafasi ya herufi nane. Mifano yangu yote ilikuwa mifupi, sikuwaza zaidi. Jedwali lile likipewa neno refu halikulalamika, lilimeza zile nane za kwanza, zilizobaki likazitupa kimya. Kwa hiyo kila asubuhi mwaitu aliandika jina zima, na swali langu likaenda kutafuta jina zima, na ndani mlikuwa na kipande. Hakuwa amesahau hata herufi moja. Niliyesahau ni mimi, nilisahau kwamba kuna majina marefu duniani, mimi Mkamba.

Masikio yaliwaka moto. Ofisi ya meneja ilikuwa hatua kumi kutoka nilipoketi, na yeye alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Hatua kumi, sentensi moja. Sikuinuka. Niliipanua safu ikawa ya herufi thelathini, nikalimalizia neno la mwaitu kwa mkono wangu, maana Mkamba yeyote akipewa zile nane angeijua miisho yake, jumla zikawa kumi na moja. Nikahifadhi. Halafu nikachapa taarifa fupi kama ilivyokuwa desturi ya ofisi: Tatizo: mtumiaji alikosea neno la siri. Hatua: limerekebishwa. Nikatia sahihi, nikaiweka kwenye trei ya masjala pamoja na karatasi nyingine za siku hiyo.

Ijumaa saa nne tulikusanyika. Mwaitu alikuja na sweta yake ya kijani aliyoivaa siku za kanisa, vifungo vyote vimefungwa. Aliponipita alinishika mkono.

"Leo itafunguka, mwanangu. Nimeona mahali iko shida."

"Wewe andika tu, mwaitu. Nimetengeneza."

Aliketi. Tulisimama nyuma yake. Kila alipobonyeza, nyota moja ilitokea kwenye skrini, kwa kuwa neno la siri halionyeshwi. Moja, mbili, tatu, polepole, mpaka zikawa nane. Akabonyeza kuingia.

Samahani, umekosea.

Afisa wa mashambani akaguna. Dereva akacheka kidogo puani.

"Lakini jana ilifunguka," mwaitu akasema.

"Jana?" nikasema. "Jana haikufunguka, ingefunguka aje?"

"Saa saba, mkienda kula. Ilifunguka. Ngoja, kuja hapa kando nikuonyeshe kitu..."

Meneja aliitazama saa. Nami nikamwona akiitazama, nikaona Ijumaa yangu inaniharibikia, kazi yangu niliyosema iko tayari inaonekana haiko tayari. Ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti ya kuwasikilizisha wote, "Mwaitu, si paswadi yako ni..." na nikalitaja jina lile, lote, mwanzo hadi mwisho, vizuri kabisa kama mtu anayeita mahudhurio. "Hilo. Liandike lote."

Mwaitu aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Si wangu, wake, kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Nilidhani amefurahi. Kweli, kwa muda wa kupumua mara moja nilidhani hivyo. Kisha dereva, ambaye nyumbani kwao na kwa mume wa mwaitu ni kijito tu kinachowatenganisha, akapiga kofi pajani.

"Aiya! Hiyo si jina ya mzee yenu? Baba ya bwana yako? Mwaitu, kumbe kila asubuhi unamwita mzee jina, mara tatu, mara nne!"

Akacheka, na mhasibu akacheka, na hata meneja alitabasamu akiangalia chini.

Asiye wa kwetu nitamweleza. Mwanamke wa Kikamba aliyelelewa vizuri halitaji jina la baba mkwe wake. Ni nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Mtoto akipewa jina la babu yake, mama humwita mtoto huyo "baba" au humtafutia jina la kando. Jirani akiwa na jina hilohilo, humwita baba wa fulani. Mama yangu mwenyewe aliishi hivyo, na tukiwa wadogo tulimchokoza tukimwuliza babu anaitwa nani ili tuone atakavyozunguka. Nilijua haya yote. Niliyajua kama mtu anavyojua kwamba sufuria iko motoni, na bado akaishika.

Nilikuwa nimesema wachague neno ambalo midomo yao haiwezi kulitoa. Watu wanne walinisikia kwa sikio moja wakaandika fahali na meneja. Mmoja alinisikiliza kweli. Alitafuta moyoni mwake, akapata neno ambalo mdomo wake haukuwa umelitoa kwa miaka thelathini ya ndoa na usingelitoa hata kwa kisu. Kuandika kwa kidole, ndani ya nyota, aliona si kutaja. Katika ofisi ile yote hapakuwa na siri iliyofungwa vizuri kuliko yake, na aliyekuja kuifungua mbele za watu ni mimi.

Aliinuka bila kuandika kitu. Alivuta sweta yake, akaenda masjala, akafunga mlango.

"Lakini mashine iko sawa?" meneja akaniuliza.

"Iko sawa," nikajibu.

Kesho yake dereva alipeleka lori Nuu, na habari zikafika pamoja na magunia. Mzee alikuwa bado hai, mkongwe, masikio mazima. Mwaitu aliitwa nyumbani. Nilisikia baadaye, kwa watu, kwamba alipeleka mbuzi wa kumwomba mzee radhi, na kwamba wake za mashemeji zake walikuwa na la kusemea kisimani mwezi mzima. Alirudi kazini Jumatano. Mchana akaingia ofisini kwa meneja, mlango wazi, nami nilikuwa mle ndani nikichomeka waya.

"Hiyo mashine imenishinda," alimwambia. "Nipatie kazi ya stoo."

Meneja alinigeukia mimi, kama mtu anayeuliza fundi. Nasema ukweli: alinipa nafasi. Alingoja. Mwaitu hakunitazama. Nami nilikuwa nayo ile sentensi, imekamilika, kosa ni langu, safu ilikuwa fupi, mama hakukosea. Nikaimeza. Nikainamia waya wangu.

Akahamia stoo, kwenye magunia ya mbegu na makopo ya dawa ya wadudu, mahali ambapo hakuna anayeulizwa neno la siri. Baada ya miezi michache aliomba kustaafu mapema, akaenda zake Nuu. Tulimnunulia blanketi. Mimi ndiye niliyelifunga kwa karatasi.

Zile nyota zilinijia wiki kadhaa baada ya ile Ijumaa, Jumamosi moja nikifua. Nilikuwa nimeinamia beseni, nikaziona tena zikitokea kwenye skrini, moja, mbili, tatu. Nane. Jina lilikuwa na herufi kumi na moja na yeye aliandika nane, akaacha mwenyewe, akabonyeza. Sikuwa nimefikiria. Alhamisi ile saa saba, wakati mimi namwambia meneja kwamba mama anasahau, mama alikuwa peke yake kwenye kompyuta akilitafuta kosa langu, na alilipata kabla yangu. Mlango ulimfungukia kweli. Halafu alasiri nikautengeneza, na kwa kuutengeneza nikaufunga tena usoni mwake, nikamwambia kwamba jana hakuona alichokiona. Niliketi chini kwenye simenti yenye maji. Sabuni ilinikaukia mikononi.

Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu kutoka Nairobi kukagua mitambo yetu, mtu mpole wa miwani. Alifungua jedwali langu akaguna. "Unaweka maneno ya watu wazi hivi? Hata wewe hupaswi kuyajua." Akanifundisha njia nyingine. Neno la mtu linasagwa kwanza, kama mahindi kinuni, na kinachohifadhiwa ni unga tu. Akija kesho, analoliandika linasagwa tena, na unga wa leo unalinganishwa na wa jana. Ukilingana, aingie. Lakini unga haurudi kuwa mahindi. Mashine inamtambua mtu na haiwezi kulitaja neno lake, hata ikilazimishwa, kwa kuwa hainalo.

"Umeelewa?" aliniuliza.

Nilielewa sana. Alikuwa ananisomea kitabuni jambo ambalo mwaitu alilifanya kila siku ya ndoa yake bila kufundishwa na mtaalamu.

Kisha nikaolewa, upande wa Makueni. Mwezi wa pili wa ndoa nilikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kubadilisha kitambulisho, na karani, kijana mwenye haraka zake, akaniuliza jina la baba wa mume wangu. Nilifungua mdomo. Mimi, mtoto wa duka, mdomo mali yangu. Hakikutoka kitu. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, karani akaniuliza kama sijui nimeolewa kwa nani. Nikamwomba kalamu, nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, nikamsukumia, jasho likinitoka. Akalisoma kwa sauti, kama anavyosoma majina yote. Nikajikuta nimeziba mdomo.

Wiki ileile nilikwenda Nuu.

Nilibeba sukari na majani ya chai, kama mtu anavyokwenda kwa wakubwa. Nilimkuta akipembua mbaazi uani, amekonda kidogo, macho yaleyale. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza habari za Sultan Hamud na za ndoa, na akanichekea kwamba sasa nimekuwa mtu. Nilikunywa chai yake yote bila kusema nilichokwenda kusema. Kikombe kilipokwisha sikuwa na kitu kingine cha kushika.

"Mwaitu, ile siku. Kosa haikuwa yako. Ni mimi nilikosea kwa mashine."

"Najua," alisema, mikono kwenye ungo. "Ilikuwa inakata. Wengine majina yao ni fupi, inafungua. Yangu ndiyo refu. Nikaanza kupunguza nyuma, moja, moja, kama unapunguzia punda mzigo. Ikifika nane, ikaamka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuambia kuja kando."

Kweli, aliniambia. Nilitazama chini. Kuku alikuwa akidonoa mbaazi zilizoanguka, hakuna aliyemfukuza.

"Na baadaye? Mbele ya meneja ulisema mashine imekushinda."

"Ningesema nini tena? Wangetaka nionyeshe. Nikionyesha, hilo jina litatajwa mara ya pili." Alipuliza maganda. "Na wewe ulikuwa umesimama pale, mwanangu. Nilifikiri utasema."

Nililia, na haya ya kulia mbele yake yakaongezeka juu ya yale mengine. Aliniacha nilie. Halafu akaniuliza kama mashine nimeitengeneza, nikamweleza habari za unga na mahindi, kwamba siku hizi hata mimi siwezi kusoma neno la mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ni vizuri sana, mashine imepata adabu.

"Na ile karatasi?" akauliza.

"Karatasi gani, mwaitu?"

"Ile uliandika mtumiaji alikosea. Niliikuta kwa trei Jumatano ile nimetoka nyumbani. Nikaipiga muhuri, nikaiweka kwa faili yake." Aliinua macho. "Hiyo pia umetengeneza?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa masjala kabla ya wote. Nilitafuta faili kwa saa nzima, kwa sababu mimi nasoma vibandiko. Nikaipata. Muhuri ulikuwa pembeni juu, upande wa kulia, umenyooka, na chini yake herufi mbili za jina lake, hazikutetemeka. Alikuwa amenisoma nikimsingizia, akaipiga muhuri kama karatasi nyingine yoyote, akaitunza.

Nikaandika taarifa mpya. Niliandika kwamba safu ilikuwa fupi, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, kwamba nililijua Alhamisi na nikanyamaza, na kwamba karani wa masjala alikuwa amelitambua kabla yangu. Nikampelekea meneja. Akasoma mistari miwili ya juu, akanirudishia.

"Hayo yalipita," akasema. "Na mama mwenyewe alikuwa amezeeka."

Nikamwambia hakuwa amezeeka. Nilisema kwa sauti kubwa, ofisi yote ilisikia, dereva pia. Meneja akashangaa kidogo, akaendelea na kalenda yake. Sauti niliyokuwa nayo sasa ndiyo iliyohitajika ile Jumatano, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaipeleka karatasi yangu masjala. Yule kijana aliyesoma, aliyepewa kile kiti, aliipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza inakaa faili gani.

Sikujua. Aliyejua kila karatasi inakaa wapi alikuwa Nuu, anapembua mbaazi.